Wanyama Wasiojua Hofu

Mwaka 1967, mwaka ule ule nchi yetu ilipotangaza Azimio la Arusha, ilitoka Uingereza sinema moja ya wanyama iitwayo The Enchanted Isles, yaani Visiwa Vilivyorogwa. Ilikuwa katika mfululizo wa Survival uliotengenezwa na televisheni ya Anglia, na maelezo yake yalisomwa na Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilihusu wanyama wa Galápagos, visiwa vya volkano vilivyo katika bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ekwado. Waliokwenda kuipiga walikuwa majirani zetu wa Afrika Mashariki: Alan Root, aliyezaliwa London mwaka 1937 na kukulia Kenya, pamoja na mkewe Joan, mzaliwa wa Nairobi.

Ndugu msomaji ataniuliza, mtu wa Kasokola ana habari gani na visiwa vya Pasifiki? Kasokola iko mbali na bahari, na katika Mpanda yetu yote hakuna mlima hata mmoja utoao moto. Jibu langu ni kwamba sisi ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambayo makao yake makuu yako Sitalike, kusini mwa mji wa Mpanda, mwendo usiofika kilomita 40. Anayeishi karibu na wanyama hana budi kuuliza picha zao zinasema nini, na zinanyamazia nini. Sinema ile ya visiwani, ingawa haikutaja jina la Mpanda wala la Tanzania, inatusaidia kuelewa namna dunia ilivyojifunza kututazama.

Kwanza tumfahamu mpiga picha. Kabla ya kwenda Galápagos, Root alikuwa mmoja wa wapiga picha wa sinema ya Serengeti iliyotengenezwa na Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael. Baba na mwana waliwahesabu wanyama wa Serengeti wakiwa katika ndege ndogo iliyopakwa mistari kama punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi angani ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Sinema ilimalizika, ikaonyeshwa mwaka huo huo kwa jina lenye maana ya kwamba Serengeti haitakufa, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Kwa hiyo mikono iliyoshika kamera Serengeti ndiyo iliyoishika tena Galápagos. Baadaye Root alirudi nyumbani akatengeneza sinema za chemchemi ya Mzima, za nyumbu wanaohama, na za vichuguu vya mchwa, nyingine zikasifiwa duniani kote. Alifariki mwaka 2017. Mkewe wa kwanza, Joan, aliuawa nyumbani kwake Naivasha mwaka 2006.

Sasa tuvitazame visiwa vyenyewe. Vilizaliwa na moto chini ya bahari. Volkano zilirundika mawe mpaka yakatokeza juu ya maji, na havikuwahi kuunganika na bara. Kila kiumbe kilichofika huko kiliruka, kiliogelea, au kilielea juu ya magogo na majani yaliyosombwa na mito ya bara. Mnyama mkubwa wa kuwinda hakuweza kusafiri hivyo. Wazao wa hao wachache waliofika wakabadilika kidogo kidogo kulingana na mahali. Wako mijusi wakubwa waingiao baharini kula mwani. Yuko mnandi ambaye mabawa yake yamedumaa, haruki tena. Wako ndege wadogo mfano wa chiriku, ambao midomo yao hutofautiana kisiwa kwa kisiwa. Na wako kobe wakubwa mno, dume likiweza kupita kilo 200, ambao kwa Kihispania ndio waliovipa visiwa hivyo jina.

Mtu wa kwanza kuandika habari za visiwa hivyo alikuwa Askofu Tomás de Berlanga, ambaye merikebu yake ilichukuliwa na mkondo mwaka 1535 ikafika huko bila kukusudia. Mabaharia waliofuata waliviita vilivyorogwa, kwa kuwa ukungu na mikondo ilivifanya vionekane kama vinahama. Lakini uchawi uliowashangaza wageni kuliko wote ni kwamba wanyama hawakukimbia. Charles Darwin, aliyefika mwaka 1835 akakaa kama wiki tano, aliandika kwamba alimsukuma mwewe kutoka tawini kwa mdomo wa bunduki. Mwewe hakuijua bunduki, wala hakumjua aliyeishika.

Hapo ndipo penye raha ya sinema kama ile. Mtazamaji aliyekaa Ulaya katika baridi anamwona mnyama asiyemkwepa binadamu, naye anajisikia amerudishwa katika siku za mwanzo, kabla dhambi haijaingia duniani. Anaupenda ulimwengu huo, anataka ulindwe, na kwa hilo hatuna budi kumshukuru. Lakini kutokuwa na hofu kuna historia yake, na historia hiyo si ya kufurahisha.

Wawindaji wa nyangumi na maharamia waligundua mapema kwamba kobe wa Galápagos anaweza kukaa katika ngama ya merikebu kwa miezi mingi bila chakula wala maji, naye yu hai. Akawa nyama isiyooza. Inakadiriwa kwamba kobe zaidi ya 100,000 walibebwa namna hiyo. Hawakukimbia, maana hawakujua kuna sababu ya kukimbia. Mabaharia na walowezi waliacha pia mbuzi, nguruwe na panya, nao wakala majani, mayai na makinda. Mwaka 1971, katika kisiwa cha Pinta, alionekana kobe dume mmoja wa aina yake, akapewa jina la George mpweke. Walimtafutia mwenzake miaka yote, wasimpate. Alikufa tarehe 24 Juni 2012, na aina ya Pinta ikaishia kwake.

Katika bahari yetu ya Hindi mambo yalikuwa vivyo hivyo. Waholanzi walifika Morisi mwaka 1598 wakamkuta dodo, ndege mzito asiyeruka, katika kisiwa kilichozaliwa na volkano. Haikupita miaka 100 akatoweka kabisa. Hata Zanzibar tunao mfano. Mwaka 1919 kisiwa cha Changuu kilipokea zawadi ya kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli. Walizaana mpaka mwaka 1955 wakafikia kama 200. Kisha wakaanza kuibwa, kuuzwa na kuliwa, hata mwaka 1996 wakawa wamebaki 7, ndipo wakajengewa uzio wa kuwalinda. Kobe mwenye uzito wa magunia mawili ya mchele hubebwa na watu wanne usiku, naye hapigi hata ukelele.

Sasa turudi bara. Wazee walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanyama wa bara letu ni hao walioumwa. Tembo akipata harufu ya mtu huinua mkonga, na jike mkubwa wa kundi huamua kama ni kukimbia au ni kushambulia. Nyati hugeuka. Swala husimama mbali kiasi cha mshale kutomfikia, akatazama. Tabia hizi hawakupewa na risasi za juzi tu. Binadamu alitokea Afrika, na wanyama wa Afrika wamekua pamoja naye, wakijifunza ujanja wake kadiri alivyouongeza. Wapo wataalamu wanaosema kwamba hii ni sababu mojawapo ya bara letu kubaki na wanyama wakubwa wengi, wakati Madagaska, Australia na Amerika, mahali binadamu alikoingia baadaye akiwa tayari mwindaji stadi, walipoteza wengi wao.

Na ushahidi wa ujirani huo umehifadhiwa na volkano. Laetoli, kusini mwa Serengeti, jivu la volkano lilinyesha zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, likalowa mvua, likakanyagwa, kisha likagandamana kama saruji. Miaka ya 1970 Mary Leakey na wenzake walizikuta nyayo. Zilikuwamo za tembo, za twiga, za sungura, na mwaka 1978 ukafukuliwa mstari wa nyayo za viumbe wa ukoo wetu waliotembea kwa miguu miwili. Volkano za Galápagos zilijenga nyumba ambayo binadamu hakuwamo. Volkano ya kwetu ilitunza picha ambayo binadamu yumo tangu mwanzo, mguu wake ukiwa karibu na mguu wa twiga.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la sinema nyingi za wanyama wa Afrika ni kulitazama bara kwa jicho la kisiwani. Mpiga picha huchagua mahali asipoonekana mtu, huinua kamera juu ya njia ya miguu na mabaki ya moto wa mchungaji, kisha msimulizi husema kwamba hivi ndivyo palivyokuwa tangu kuumbwa. Galápagos maneno hayo yana ukweli fulani, kwa kuwa Ekwado ilipovitwaa visiwa mwaka 1832 wakazi walikuwa bado wachache mno. Serengeti hayana. Wamaasai walikuwapo na ng'ombe wao, na kabla yao walikuwapo wengine. Hata hivyo mwaka ule ule wa 1959, sinema ilipotoka, mipaka ilichorwa upya: wafugaji wakaondolewa Serengeti, wakaahidiwa Ngorongoro. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa humo. Kuanzia mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari na baadhi ya wakazi wakilalamika. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyofanya yote hayo. Nasema kwamba sheria hutungwa na watu, na watu huongozwa na picha waliyo nayo vichwani. Kreta ya Ngorongoro, yenye upana wa kama kilomita 20 na kuta za mita 600, hufanana sana na kisiwa mtu akiitazama kutoka ndegeni.

Tukumbuke pia kwamba sisi wenyewe hatukualikwa katika utazamaji. Mwaka 1967 Tanzania haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ilianza mwaka 1973, na Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka mingi tembo wetu na nyumbu wetu walikuwa wageni wa kila wiki katika nyumba za Ulaya, ilhali mkulima wa Mpanda aliwajua kwa njia moja tu, ile ya kukuta shina la mhindi limeng'olewa. Watu wawili walimjua mnyama mmoja, mmoja kwa uzuri wake na mwingine kwa hasara yake, wala hawakupata nafasi ya kuzungumza.

Basi tuitazame Katavi yetu kwa jicho la bara. Jina lenyewe ni la mtu, au tuseme la mzimu wa mtu: Katabi, mwindaji wa kale, ambaye wenyeji huamini kwamba roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa linaloitwa kwa jina lake. Watu wamekuwa wakipeleka sadaka hapo wakiomba baraka ya mawindo. Mahali palipokuwa na mkwaju wa matambiko hapakuwa mwitu mtupu. Misitu ya miombo inayotuzunguka ilitembewa na Wabende, Wakonongo na Wapimbwe waliotundika mizinga, wakajua mti gani unachanua mwezi gani. Asali ya Mpanda inajulikana hata leo, na hailetwi na nyuki peke yao.

Namna pori lilivyoongezeka nayo ni historia. Mnamo miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaangamiza ng'ombe na nyati pamoja. Njaa na ndui vikafuata. Mashamba na malisho yaliyoachwa yakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o akaleta malale. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilizikusanya kaya zilizotawanyika katika nchi ya magharibi ya Tanganyika na kuziweka katika makazi makubwa ili kuzikinga na ugonjwa huo. Nyuma yao msitu ulifunga njia, na wanyama wakaingia walimohama watu. Mzungu aliyepita baadaye aliona nyika isiyoguswa. Alichokiona kilikuwa, kwa sehemu kubwa, nyumba za watu waliohama, zikiwa zimeotwa na miti.

Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na mwaka 1998 ikapanuliwa kufikia kilomita za mraba 4,471. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 wilaya yetu ilipokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wakafyeka msitu Katumba, baadaye Mishamo, wakalima, na wengi wao wakapewa uraia mnamo mwaka 2014. Wafugaji nao wakaja na mifugo yao kutoka Usukuma. Mwaka 2012 tukawa mkoa. Kwa kifupi, watu wameongezeka kila upande wa hifadhi, na jambo ambalo sinema ililidhania zamani sasa linaelekea kuwa kweli: Katavi inageuka kuwa kisiwa. Bahari inayoizunguka ni ya mahindi, mpunga na nyumba za bati.

Jambo hili si dogo. Kisiwani kobe mmoja akibaki, hakuna wa kuvuka kuja kumwoa. Tembo wa Katavi walizoea kwenda mbali, kuelekea Rukwa, Ugalla na milima ya Mahale, wakifuata maji na chakula. Kila shoroba inapozibwa na shamba, kundi hufungiwa, na mnyama aliyefungiwa hupita kwa nguvu. Hapo ndipo tunapoanza kuhesabu mahindi yaliyoliwa na, Mungu apishe mbali, watu waliouawa. Serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Majina hayo yanasema kweli yenyewe: jasho na machozi hufutwa, lakini hayarudishwi yalikotoka.

Tena yako maji. Mto Katuma ndio uhai wa hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko kwa mamia hujibana katika vidimbwi vyake, ngozi kwa ngozi, na picha zao zimeonyeshwa dunia nzima. Wanaoziona hustaajabia wingi huo. Mtu wa hapa anajua kwamba viboko hawajibani kwa kupenda, hujibana kwa kukosa maji, na kwamba juu ya mto kuna majaruba ya mpunga ya watu wenye watoto wa kulisha. Kamera ikigeuzwa kidogo tu kufuata mto kuelekea ulikotoka, hadithi nzima ingeonekana.

Sitaki msomaji aelewe kwamba hifadhi ni adui wa watu. La hasha. Mwalimu Nyerere alitamka mwaka 1961 kwamba wanyama hawa ni dhamana yetu, na mimi naamini hivyo. Bila Katavi, bunduki na mashoka vingekwisha maliza kazi siku nyingi. Ninachosema ni kwamba dhamana haiwezi kutunzwa na mtu ambaye picha haimtambui. Hata Galápagos walilijua hilo. Sehemu kama 97 katika kila 100 za nchi kavu ya visiwa ni hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1959, lakini katika sehemu ndogo iliyobaki wanaishi watu wapatao 30,000, wakivua, wakilima na kuongoza wageni. Kazi kubwa ya kuwaondoa mbuzi waliokuwa wakiharibu kaskazini ya kisiwa cha Isabela, iliyokamilika mwaka 2006, ilisimamiwa na watu. Kobe wanaokuzwa kutoka mayai na kurudishwa visiwani mwao wanalelewa na watu. Wanyama wasiojua hofu wako hai hadi leo kwa sababu binadamu amejifunza kuwa na hofu kwa niaba yao.

Kwetu kazi ni ya namna nyingine. Wanyama wetu wanatujua, nasi tunawajua. Tunajua tembo wanapita wapi mvua zikianza, na ni kichuguu gani fisi amezalia. Elimu hiyo iko katika vichwa vya warina asali na wazee wa vijiji, na wengi wao wanaondoka bila mtu kuwauliza. Njia za wanyama zikipimwa pamoja na wao kabla mashamba hayajagawiwa, na maji ya Katuma yakigawanywa kwa mkutano wa wakulima na wahifadhi badala ya amri ya upande mmoja, bado tunayo nafasi ya kuizuia Katavi isiwe kisiwa.

Alan Root na wenzake walitupa picha nzuri, na nyingi zitadumu kuliko sisi. Picha inayosubiri kupigwa ni ile ambayo jivu la Laetoli liliitunza bila kamera: wanyama, na kati yao mtu, wote wakielekea kwenye maji yale yale. Vijana wa Mpanda leo wana simu zenye kamera mifukoni. Waanze na mto, waufuate kutoka majarubani hadi kwenye vidimbwi vya viboko, na wasimkate mtu yeyote watakayemkuta njiani.